Ukurasa wa Tisa wa Mchezo wa Pango

Hivi wewe, umewahi kufika mlangoni sawasawa na mwenzako, mkabaki mnatazamana, kila mmoja anangoja mwingine atangulie? Basi usiku wa jana niliota nimefika mlangoni pamoja na toroli la viazi.

Lilikuwa toroli la kawaida, la gurudumu moja, mpini wa kushoto umefungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Viazi vyake havijaoshwa. Hakuna mtu aliyelisukuma. Mlango ulikuwa ule wa chumba cha kudurufu, pale chuo cha ualimu nilipofanya kazi ujana wangu, rangi ya kijani imebanduka sehemu ya chini tulipozoea kuusukuma kwa mguu mikono ikiwa imebeba karatasi. Mimi nilikuwa na umri wangu huu huu na goti langu hili hili, ila juu ya sweta la kulalia nimevaa koti la kazi la bluu ambalo nililirudisha bohari zamani, likiwa limepungua kifungo kimoja.

Toroli likanisalimu. "Kamwene, bibi."

"Kamwene. Haya, pita."

"Siwezi. Tumefika pamoja."

Nikaliambia mimi sina haraka, napumzisha goti. Likanijibu kwa upole kwamba jambo si haraka, jambo ni sheria, na sheria ya wawili kufika pamoja haipo. Nikaugeukia mlango. Mlango ukakohoa kama mtu aliyeshtuliwa usingizini kanisani, ukasema wenyewe unao ukurasa wa nane, na unao wa kumi, na katikati hapo unasikia ubaridi.

Nilipousikia huo ukurasa wa nane na wa kumi, aibu ikanishika shingoni kama mkono wa maji.

Nikatazama nyuma, nikauona mji wetu wote wa Njombe umesimama. Kila mlango una wawili. Bwana harusi na bibi harusi wamekwama kwenye mlango wa kanisa, maua yamekauka mikononi. Daktari na mgonjwa wamekwama zahanati, mgonjwa ameshaanza kumshauri daktari apunguze chumvi. Mama mmoja amekaa barazani, kiazi na kikombe cha chai vimefika mdomoni pake kwa pamoja, na hakuna kinachoingia. Ananitazama kwa jicho la pembeni. Hanilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

"Wamesimama tangu lini?" nikauliza.

"Tangu themanini na tatu," toroli likasema. "Viazi vyangu vimeota mara arobaini."

Ngoja nikueleze kwanza, usije ukapotea njiani.

Mwaka ule wa themanini na tatu mimi Leokadia nilikuwa msichana wa darasa la saba niliyepata kazi chuoni: kupika chai ya walimu na kuzungusha mashine ya kudurufu. Alikuwapo mwalimu wa hesabu, Otmari Nyagawa, kijana mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni kwa ajili ya baridi yetu. Mgeni mmoja wa kujitolea alimwonyesha mchezo wa kwao. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani, huyu mwindaji, huyu mhunzi. Anasema kwa mdomo wake anachofanya, na dadu inaamua kama amefaulu. Hakuna ubao wala kete. Mmoja wao ndiye anayesimulia mahali walipo na hatari zilizopo.

Mwalimu Otmari aliupenda mchezo, lakini kijitabu cha yule mgeni kilimtesa. Alisema kimeandikwa kama na mtu anayeongea usingizini. Kinakueleza uzito wa kamba na urefu wa mkuki, halafu hakikuelezi nani anaanza. Ukitaka kujua mtu anakufaje, unatumwa ukurasa wa ishirini, ukifika ishirini unarudishwa wa tatu. Basi akaapa atatunga wa kwetu, Mchezo wa Pango, wenye sheria zilizonyooka mpaka mtoto wa darasa la nne azisome asiulize swali. Alikaa miezi mitano. Zikatoka kurasa kumi na nne, akazipiga taipu mwenyewe, moja kwa moja juu ya stensili.

Kama hukuwahi kuiona stensili, ni karatasi ya nta, nyororo, rangi ya samawati. Taipu inaitoboa herufi kwa herufi, kisha unaivisha kwenye pipa la mashine, unazungusha mkono, wino unapenya kwenye yale matundu. Hakuna nakala nyingine. Ikichanika, maneno yamekwenda.

Ya tisa niliichana mimi. Nilikuwa nimeivuta kwa haraka kwa sababu birika lilikuwa linafoka. Ikapasuka toka kichwani mpaka mkiani, na sauti yake ilikuwa ndogo tu, kama mtu anayevua soksi. Miaka ile stensili zilikuwa adimu, kila moja inatiwa saini bohari. Wiki hiyo nilikuwa nimekwisha kuharibu mbili, na mtunza bohari alikuwa ameniambia ya tatu nitaisindikiza mwenyewe mpaka nyumbani kwetu. Nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye jiko la chai. Nikapiga stepla ya nane na ya kumi pamoja, vijitabu ishirini.

Ila niliisoma kabla ya kuichoma. Nilikuwa nazisoma zote, kwa kidole, polepole. Ilisema: wawili wakifika mlangoni pamoja, aliyeumia zaidi aingie kwanza.

Jumamosi wakaanza mchezo. Mwalimu Otmari ndiye msimulizi, na rafiki yake wa chumba kimoja na baiskeli moja, Mwalimu Kastori Mgaya, ndiye mwindaji. Wakafukuzwa na mnyama wa pangoni, na mwindaji wa Kastori akafika mlangoni sawasawa na mganga wa mchezaji mwingine. Otmari akasema mganga aingie, ndiye anayetoka damu. Kastori akauliza imeandikwa wapi. Wakapekua. Nane, kumi.

"Niliandika," Otmari akasema.

"Sheria iliyo kichwani mwako peke yako, Otmari, hiyo si sheria. Huo ni upendeleo."

Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Mwalimu akaniita mbele ya watu wote, akaniuliza alinipa stensili ngapi. Nikasema kumi na tatu. Niliisema vizuri, bila kigugumizi. Akatazama dari, midomo ikihesabu, kisha akaniomba radhi. Mimi! Akaniomba radhi kwa kunitia mashaka, halafu akamwomba radhi Kastori kwa kusahau. Kastori akasema mtu hasahau alichoandika miezi mitano, ila anaweza kukitunga alasiri moja ili kumnyima rafiki mlango. Akatoka na baiskeli. Hawajasalimiana tena. Wako mji huu huu, wazee sasa, mmoja hukaa upande wa kulia wa kanisa, mwingine kushoto. Na Mwalimu Otmari tangu siku ile akaanza kujiona msahaulifu. Hakutunga kitu kingine. Akifunga mlango wake hurudi mara tatu kulitikisa kufuli.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo tumboni nikiwa nimesimama na lile toroli.

Sikuingia mlangoni, lakini nikawa ndani. Ndani hapakuwa chumba cha kudurufu, palikuwa pango. Pango lenyewe lilipigwa chokaa mpaka nusu ya ukuta kama ofisi, na juu palining'inia kalenda ya chama cha ushirika. Nataka kupiga hatua. Mguu haunyanyuki. Nataka kujikuna pua. Mkono haupandi.

Mbele yangu imekaa dadu kubwa kama kigoda, imekunja miguu ambayo haina. Matundu yake yanafumba na kufumbua, matatu kwa matatu.

"Unafanya nini?" dadu ikauliza.

"Nataka kutembea."

"Kutaka si kufanya. Ukurasa wa nne."

Nikaukumbuka. Ukurasa wa nne ulisema: kisichosemwa hakijatendeka. Maana yake ni kwamba mchezaji asiyetamka anachofanya, hafanyi kitu. Basi nikasema, "Nanyanyua mguu wa kulia." Mguu ukanyanyuka. Ukabaki juu, mpaka niliposema nautua. Tulikwenda hivyo, mguu kwa mguu, na kila baada ya hatua ilinibidi niseme pia kwamba napumua. Ni kazi nzito. Mtu hajui anatenda mangapi mpaka atakiwe kuyataja.

Dadu ilikuwa inabingirika kando yangu kwa adabu, mwendo wa mtu anayemsindikiza mjane. Ikaniuliza, kama anayeuliza habari za mvua, mwaka themanini na tatu nilifanya nini.

"Sikufanya kitu," nikasema.

"Hukusema kitu," ikanisahihisha. "Kwa hiyo hakijatendeka. Kwa hiyo stensili haikuchanika. Basi ukurasa upo. Naomba niuone."

Nitakwambia kweli, ule ukurasa wa nne nimeushikilia miaka yote kama wengine wanavyoshikilia zaburi. Nilijiambia kila Jumapili nikimwona Mwalimu anatikisa kufuli lake kwa mbali: sijasema, kwa hiyo sijatenda. Nilikuwa navuka barabara nisikutane naye. Nilikuwa najificha nyuma ya mama wa kabichi. Sasa sheria yangu mwenyewe ilikuwa imenikalia mbele, mraba, inangoja karatasi.

Nikapekua mfuko wa koti. Nikatoa kipande cha sabuni. Nikapekua mwingine. Nikatoa kijiko cha chuo.

"Hicho si ukurasa," dadu ikasema, lakini ikakipokea kijiko, ikakiandika mahali.

Pango likapinda kushoto, likawa chumba cha walimu. Meza ni ile ile, yenye alama ya pasi. Mwalimu Otmari amekaa upande mmoja, kijana, vifungo mpaka kooni. Kastori amekaa upande wa pili na kofia yake ya sufu. Kila mmoja ameshika kijitabu, kidole kiko chini ya ukurasa wa nane, tayari kufunua. Hawafunui. Chai yao imeota nyasi, na katika kikombe cha Kastori kuna panzi mdogo anayezila.

"Leokadia," Otmari akasema bila kugeuza shingo, "tunangoja ukurasa wa tisa. Hatukuharakishi."

Basi hapo ikaingia stepla. Ile ile ya zamani, ya chuma cheusi, inatembea kwa taya, inafunga na kufungua, tak, tak. Ilikuwa na kimo cha mbuzi. Ikasimama mbele ya meza, ikasema kwa sauti ya karani asiyependa kusumbuliwa:

"Ukurasa wa tisa haupo. Aliyeuacha akae mahali pake."

Nikaiambia mimi ni mtu, sina hata upana wa karatasi. Ikajibu kwamba mambo ya upana yako ukurasa wa kumi na mbili, tufike kwanza. Ikaniuma mkono wa kushoto wa koti, mara mbili. Pini zikapita koti, zikapita sweta, zikasimama karibu na ngozi. Nikawa nimelala bapa, mweupe, kati ya ukurasa wa nane na wa kumi.

Sikia, kuwa karatasi si jambo gumu. Gumu ni majirani. Ukurasa wa nane ni wa vyakula vya safarini, ukawa unanung'unika kwamba kwa miaka yote hiyo umelaliwa na ukurasa wa kumi uliojaa wanyama wakali, na kwamba mtu aliyeleta hali hiyo hana hata haya ya kujikunja kidogo. Nikauomba radhi. Ukurasa wa kumi ukacheka na meno yake yote. Ukasema, "Bibi amejua kuomba radhi kwa karatasi."

Neno hilo lilinichoma kuliko pini.

Mwalimu Otmari akalamba kidole gumba, akafunua. Nikafunguka juu ya meza, mbele ya nyuso zao. Wakaanza kunisoma. Unajua kilichoandikwa juu yangu? Chumvi, viberiti, sabuni ya mche. Barua niliyomwandikia dada yangu nikamdanganya kwamba mguu umepona. Majina ya watoto wangu na uzito wao kliniki. Mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti, kwa heshima, kama anasoma tangazo la ndoa. Kastori alikuwa anafuata kwa kidole. Wakanigeuza upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Kastori akaegemea kiti. "Unaona, Otmari? Hukuandika."

Nikawatazama nikiwa mtupu. Mwalimu Otmari akaniangalia kwa macho yale yale aliyoangalia dari. Midomo ikahesabu. Nikajua anakuja kusema nini, na kama karatasi ingeweza kujikunja mara nne ikajitia jikoni, ningejitia.

"Niwie radhi, Kastori," akasema. "Nilisahau."

Mara ya pili, bwana! Mtu yule yule, kwa kosa lile lile langu, na mimi niko hapo hapo, nimefunuliwa mbele yake.

Dadu ikaja ukingoni mwa meza. "Ukurasa wa tisa," ikaniita, "unafanya nini?"

"Nafungua mdomo," nikasema, na mdomo ukafunguka, katikati ya karatasi, mahali penye chumvi.

Nilikuwa nataka kusema. Naapa nilikuwa nataka. Yakapanda maneno mawili kutoka chini, moja linasema samahani, lingine linasema ni mimi. Yakafika mlangoni mwa meno pamoja. Yakatazamana. Samahani likasema tangulia. Ni mimi likasema hapana, tangulia wewe. Yakasimama hapo, na mimi mdomo wazi, na walimu wawili wamenikodolea macho, na panzi ameacha kula.

"Sheria inasemaje?" dadu ikauliza.

Na mimi ndiye mtu pekee duniani aliyeisoma.

Nikayatazama yale maneno mawili. Samahani lilikuwa zuri, limeoga, nimelitumia kila siku kwa wauza mkaa na kwa watu niliowakanyaga foleni. Hata punde tu nilikuwa nimelitumia kwa karatasi ya vyakula. Ni mimi lilikuwa limekonda. Lilikuwa limefungiwa gizani miaka arobaini, mbavu zinahesabika, limeshikilia ukuta wa jino ili lisianguke.

"Aliyeumia zaidi aingie kwanza," nikasema. Niliisema kwa kupitia pembeni mwa mdomo, sijui vipi.

Kastori akageuza uso, taratibu, shingo ikilia kama bawaba. "Nani ameisema hiyo?"

"Ukurasa wa tisa," dadu ikasema.

"Nilijua niliiandika," Otmari akasema kwa sauti ndogo sana. Hakuwa anamwambia mtu.

Mlangoni nikasikia toroli linaingia, gurudumu linapiga kelele. Ni mimi likakusanya nguvu, likaweka mguu juu ya mdomo wa chini. Nikalisukuma. Stepla ikapiga kelele kwamba muda wa ukurasa umekwisha, mchezaji afunue, na Mwalimu akalamba kidole tena, na mimi nikaona ukurasa wa kumi unanishukia na meno yake yote.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, ukungu umejaa dirishani. Mjukuu wangu Editruda, ambaye anakaa kwangu na anauguza wagonjwa pale hospitali, alikuwa amerudi toka zamu na ameshakoroga uji. Nikamkuta jikoni. Akanitania kidogo, kwamba nimelala kama gogo, kwamba nikiamka saa hizi kuku watanishitaki. Alipokuwa ananipa bakuli akashika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza.

"Bibi, umepitia wapi? Mbona una pini za stepla kwenye sweta?"

Zilikuwa mbili, zimepita upindo wa mkono na kujikunja kwa ndani, zina kutu kidogo. Nyumba hii haina stepla. Editruda akazing'oa kwa ncha ya kisu, akaziweka kwenye kisosi, akanitazama usoni, akauliza kama naumwa.

Nikamwambia achukue daftari la jumuiya, atafute namba ya Mwalimu Nyagawa, anipigie. Akasema saa hizi mzee wa watu bado amelala. Nikamwambia piga. Simu ikaita mara nyingi. Nilisikia inapokewa, nikasikia na yeye anaomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa anatikisa kufuli la banda. Nikamwamkia. Akaitika, akauliza kuna msiba gani asubuhi yote hii. Uji ulikuwa unapoa. Editruda alikuwa amesimama na kisu chake, hajui la kufanya.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Ile karatasi ya tisa niliichana mimi, nikaichoma, nikakudanganya mbele ya watu. Nitampigia na Kastori. Wewe hukusahau kitu."